Picha za Ubongo wa Mtoto Mchanga Aliyeambukizwa Virusi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Wodi za Watoto Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa matabibu, wauguzi na wataalamu wa mionzi wanaohudumia watoto wachanga Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Pangani, ambako mashine ya ultrasaundi haiko mbali na wodi lakini MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) inayoweza kumpokea mtoto wa siku kumi mara nyingi hutafutwa Dar es Salaam, karibu kilomita 350 kwa barabara. Hali hiyo inaamua mambo mengi. Picha ya ubongo haikutajii jina la kirusi. Inakuonyesha mahali palipoumia, ukubwa wa jeraha na, kwa kadiri fulani, wakati lilipotokea. Tena kila picha ina siku zake: ipo inayoonyesha mengi siku ya tatu ya ugonjwa na kunyamaza siku ya kumi na mbili, na ipo ambayo wiki ya kwanza ni safi kabisa ilhali wiki ya nne imejaa matundu. Kwa sababu hiyo hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata kalenda ya mtoto, si ukubwa wa mashine.

Hatua ya 1: Kumtambua mtoto anayestahili picha

Si kila mtoto mwenye homa anahitaji kupigwa picha ya kichwa. Anayestahili ni yule aliyezaliwa na kichwa kidogo, yaani mzingo wake uko chini ya wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2 kwa umri wa mimba na jinsia yake, au yule ambaye kichwa chake kinakua kwa kasi isiyo ya kawaida, mwenye degedege, mwenye madoa mekundu ya damu chini ya ngozi pamoja na upungufu wa chembe sahani zinazogandisha damu, mwenye ini na bandama vilivyovimba, au manjano yasiyoisha, mwenye mtoto wa jicho, aliyeshindwa kipimo cha kusikia, na yule aliyelegea au kukataa kunyonya huku vipimo vya bakteria vikiwa havina kitu. Aongezwe pia mtoto ambaye mama yake alipata homa na vipele wakati wa ujauzito, hasa homa ya siku chache kabla ya kujifungua.

Mzingo wa kichwa hupimwa vibaya kuliko tunavyopenda kukiri. Kanda isiyovutika ipitishwe juu kidogo ya nyusi na kuzunguka sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi, ipimwe mara tatu, na kipimo kikubwa kuliko vyote ndicho kiandikwe. Mtoto aliyezaliwa baada ya uchungu mrefu huwa na kichwa kilichorefuka na kuvimba, hivyo apimwe tena baada ya siku moja au mbili kabla hajaitwa mwenye kichwa kidogo.

Hatua ya 2: Kuchukua mkojo au mate kabla ya kumruhusu mama

Kirusi cha saitomegalo, ambacho wengi wetu tunakiita CMV, ndicho kinachoongoza duniani kwa kuambukiza watoto wakiwa tumboni, na karibu watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa nacho hawana dalili yoyote siku ya kuzaliwa. Ili kuthibitisha kwamba mtoto alikipata tumboni, kinahitajika kipimo cha PCR (kinachotafuta vinasaba vya kirusi) cha mkojo au mate yaliyochukuliwa ndani ya siku 21 za kwanza za maisha. Zikishapita siku hizo, kipimo chanya hakimwezeshi yeyote kusema kama mtoto alizaliwa na kirusi au alikipata baadaye, pengine katika maziwa ya mama.

Sasa linganisha siku hizo 21 na arobaini. Mama wa Tanga akisharuhusiwa hurudi kwa mama yake, hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, na kutoka nje ya nyumba kabla siku 40 hazijatimia si jambo analolifanya kwa hiari, hata kama kadi ya kliniki imeandikwa tarehe. Sishauri mtu agombane na desturi hiyo, ambayo ina faida zake kwa mzazi. Nashauri sampuli ichukuliwe mtoto akiwa bado wodini. Mkojo unafaa zaidi. Kama ni mate, yachukuliwe kwa kijiti cha pamba saa moja au zaidi baada ya kunyonya, kwa kuwa CMV iliyomo katika maziwa inaweza kuchafua kipimo, na jibu likiwa chanya lithibitishwe kwa mkojo. Kingamwili za IgG za mama zisikupotezee muda: idadi kubwa mno ya wanawake wa Afrika Mashariki walishakutana na kirusi hiki tangu utotoni, hivyo jibu chanya la mama halisemi lolote kuhusu mtoto.

Hatua ya 3: Kuanza dawa ya herpesi bila kungoja picha

Virusi vya herpesi, ambavyo mtoto huvipata zaidi anapopita katika njia ya uzazi, vikiingia ubongoni huanza kuonyesha dalili hasa katika wiki ya pili na ya tatu, yaani katikati ya arobaini, mtoto akiwa nyumbani. Pwani yetu inalo jina tayari la mtoto wa wiki mbili anayekakamaa na kugeuza macho, na wapo watakaompeleka kwanza kufukizwa na kusomewa kabla ya kufikiria hospitali. Anapofika kwetu, saa nyingi zimekwisha kupotea. Mama wengi wa watoto hawa hawajui kwamba wana herpesi, na si kila mtoto ana malengelenge, kwa hiyo ngozi safi isikuondolee shaka.

Mtoto wa namna hii aanzishiwe asaiklovia kwa mshipa, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 8, pamoja na antibiotiki za kutibu homa ya uti wa mgongo, huku figo zikiangaliwa na maji yakitosha mwilini. Maji ya uti wa mgongo yachukuliwe kwa ajili ya PCR kama hali ya mtoto inaruhusu, lakini dozi ya kwanza isiyasubiri. Ugonjwa wa ubongo ukithibitishwa, dawa huendelea kwa siku 21. Ultrasaundi ya siku ya kwanza au ya pili ya ugonjwa mara nyingi haina kitu, na hakuna kosa la hatari zaidi katika mwongozo huu wote kuliko kusimamisha asaiklovia kwa sababu ultrasaundi imetoka safi.

Hatua ya 4: Kuandaa mtoto, mama na kifaa

Ultrasaundi hupigwa kupitia utosi, ule ulaini wa juu ya kichwa ambao kwa watoto wengi huziba kati ya mwezi wa 9 na wa 18. Haina mionzi, haihitaji usingizi wa dawa, na hufanyika mtoto akiwa kitandani au kifuani kwa mama yake akipata joto la kangaruu, ngozi kwa ngozi. Tumia proba ndogo yenye mawimbi ya megahezi 5 hadi 10. Penye proba bapa ya mawimbi ya juu zaidi, itumike kwa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na nafasi zilizo karibu na mfupa.

Utosi ni mahali penye heshima na hofu yake, na mama anapomwona mgeni akikandamiza kifaa pale, moyo humruka. Mweleze kwanza: "Mama, hongera. Nitampitishia mtoto kifaa hiki juu ya utosi, polepole, nione ndani. Hakichomi wala hakina umeme wa kumdhuru. Mshike mkono tu." Mafuta ya nazi yaliyopakwa utosini hayazuii picha, lakini dawa ya majani iliyokauka na kugandamana inazuia, na ipanguswe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Jeli nayo ipashwe joto mkononi, kwa kuwa jeli baridi humwamsha mtoto na humpunguzia joto aliye njiti.

Usafi una jambo moja linalosahaulika. Enterovirusi na parekovirusi, virusi vinavyompata mtoto baada ya kuzaliwa (tazama Hatua ya 6), haviuawi vizuri na vitakasa mikono vyenye spiriti, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na proba ivalishwe glavu safi yenye jeli ndani yake, kisha isafishwe kwa dawa iliyoruhusiwa na watengenezaji kabla ya kwenda kwa mtoto mwingine.

Hatua ya 5: Kupiga picha kwa mpangilio mmoja daima

Anza kwa mikato ya kutoka sikio hadi sikio, ukiinamisha proba kutoka paji la uso kuelekea kisogoni, na uhifadhi angalau picha 6. Kisha geuza proba nyuzi 90, uchukue mkato wa katikati na miwili kwa kila upande, jumla 5. Mwishoni pitia kidirisha kilicho nyuma ya sikio ili uone serebela, yaani ubongo mdogo wa kisogoni, kwa sababu ukiitazama kutoka utosini iko mbali mno, na serebela ndogo ni mojawapo ya alama za CMV ya mapema. Vyumba vya maji vya ndani ya ubongo vipimwe kwa milimita, kutoka mstari wa kati hadi ukingo wa nje wa chumba, katika mkato unaopita mahali vyumba vya pembeni vinapokutana na chumba cha tatu. Neno "vimepanuka kidogo" lisiandikwe peke yake bila namba, kwani atakayerudia kipimo wiki ijayo hatakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya 6: Kusoma picha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Jiulize maswali mawili: je, ninachokiona ni kovu la kale au jeraha jipya, na je, kipo kweli?

Makovu ya kale ni ya maambukizi ya tumboni. Ya kwanza kutafutwa ni madoa ya kalsiamu, yanayong'aa kama punje za chumvi zilizonyunyizwa, na kwa mtoto mchanga mara nyingi hayaweki kivuli nyuma yake kama tulivyofundishwa kwa mawe ya figo. Katika CMV hupendelea kuta za vyumba vya maji. Katika Zika, kirusi kinachoenezwa na mbu, ambayo madhara yake kwa watoto yalijulikana wazi baada ya mlipuko wa Brazili wa mwaka 2015, hukaa zaidi mpakani kati ya gamba na mada nyeupe (nyuzi za ndani zinazounganisha sehemu za ubongo), na kichwa huwa kidogo sana. Toksoplasma si kirusi bali ni kimelea, lakini lazima itajwe kwa kuwa hufanana nazo: madoa yake hutawanyika kila mahali, na kichwa mara nyingi hujaa maji. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kuleta madoa katika viini vya ndani vya ubongo, ila hayo huonekana baada ya miezi mingi. Ukiyaona kwa mtoto wa wiki moja, tafuta sababu nyingine. Rubela imepungua tangu chanjo ya surua na rubela ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2014, lakini mtoto mwenye mtoto wa jicho na tundu la moyo apimwe hata leo.

CMV ina alama nyingine zinazosaidia zaidi zikikusanyika pamoja: vifuko vya maji kwenye ncha za mbele za sehemu za ubongo zilizo karibu na masikio, pazia jembamba linalokatiza ndani ya vyumba vya maji, na mikunjo ya gamba iliyo michache au midogo mno. Mikunjo hiyo hueleza pia wakati. Ubongo uliokaribia kuwa laini bila mikunjo unaonyesha maambukizi ya kabla ya wiki ya 18 ya ujauzito au karibu na hapo; mikunjo midogo iliyosongamana inaelekeza kwenye wiki ya 18 hadi ya 24; na mtoto mwenye gamba la kawaida lakini mada nyeupe yenye kasoro huenda aliambukizwa miezi ya mwisho. Ultrasaundi huikosa mikunjo midogo mara nyingi, na hilo ni jambo la MRI.

Kuna mistari inayong'aa yenye matawi ndani ya viini vya ubongo, inayotokana na kuta za mishipa midogo, ambayo huwafurahisha wanaoanza kujifunza. Inaonekana kweli katika CMV, lakini inaonekana pia kwa watoto wasio na maambukizi yoyote. Ikiwa peke yake, iandikwe, mkojo upimwe, na mtoto asianzishiwe matibabu kwa ajili yake.

Jeraha jipya ni jambo tofauti. Parekovirusi na enterovirusi humpata mtoto baada ya kuzaliwa. Ana homa, analia bila kunyamazika, ngozi imewiva wekundu, pengine ana degedege, na maji ya uti wa mgongo yanaweza kukosa chembe kabisa huku ubongo ukiungua. Chikungunya, inayoenezwa na mbu na iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde kusini mwa nchi yetu mwaka 1952, ina kalenda yake: mama ana homa na maumivu ya viungo akijifungua, mtoto anazaliwa mzima, kisha kati ya siku ya 3 na ya 7 analegea, anavimba mikono na miguu na kukataa kunyonya. Katika mlipuko wa kisiwa cha Réunion wa mwaka 2005 na 2006, karibu nusu ya watoto ambao mama zao walikuwa na kirusi katika damu saa ya kujifungua waliambukizwa. Katika magonjwa haya yote hakuna madoa ya kalsiamu. Kinachoonekana ni mada nyeupe ya kandokando ya vyumba vya maji iking'aa kupita kiasi.

Ila mada nyeupe ya mtoto mchanga, hasa njiti, kwa kawaida ina mng'ao wake. Kipimo ninachokiamini ni kulinganisha na shada la mishipa lililomo ndani ya vyumba vya maji: mng'ao ukilingana na shada hilo au kulizidi, na ukibaki hata unapobadili mwinamo wa proba au kutazama kupitia utosi wa nyuma, basi ni wa kweli. Ukitoweka proba inapoinama, ulikuwa ni mchezo wa mawimbi. Kumbuka pia kwamba mtoto aliyechelewa kulia na aliyeshuka sukari huweza kuwa na picha inayofanana, kwa hiyo historia ya uzazi isomwe kabla ya kutaja kirusi. Wachache sana wana ugonjwa wa kurithi wa Aicardi-Goutières, unaoiga CMV kwa madoa yake ya kalsiamu; mama aliyepoteza watoto waliotangulia kwa hali kama hiyo aulizwe kwa upole.

Hatua ya 7: Kuamua kati ya CT-Scan na MRI

CT-Scan, inayopiga picha za eksirei kwa mikato, huonyesha kalsiamu vizuri na kwa haraka, na hospitali kadhaa za rufaa za mikoa zimepata mashine hizo katika miaka ya karibuni. Lakini ina mionzi, na jeraha jipya la herpesi au parekovirusi huikwepa kwa urahisi katika siku za mwanzo. Maoni yangu ni kwamba, kama ultrasaundi imeshaonyesha madoa ya kalsiamu, CT-Scan haiongezi jambo litakalobadilisha matibabu, na ibaki kwa ajili ya dharura ambayo utosi umeshindwa kuijibu.

MRI inahitajika pale mtoto ana degedege, ana dalili za herpesi, au ultrasaundi imeonyesha mada nyeupe inayong'aa. Omba kwa maandishi picha za mtawanyiko wa maji (DWI), kwa sababu ndizo zinazoonyesha jeraha jipya mapema kuliko nyingine zote. Herpesi ya mtoto mchanga, tofauti na ya mtu mzima, haikai karibu na masikio peke yake. Hushika sehemu yoyote na mara nyingi kadhaa kwa pamoja. Parekovirusi na chikungunya huchora mada nyeupe pande zote mbili, mpaka kwenye daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Picha hizi hufifia baada ya wiki moja hivi na huweza kuonekana za kawaida wakati seli zimekwisha kufa. Kwa hiyo rufaa ya jeraha jipya isafiri ndani ya siku chache, ila rufaa ya CMV, ambayo inatafuta mikunjo na makovu, inaweza kungoja mtoto aongezeke uzito.

Hatua ya 8: Safari na maandalizi ya MRI

Mtoto anayepewa oksijeni au anayekakamaa kila baada ya saa asipandishwe gari la kupitia Segera na Chalinze kwa ajili ya picha, atulizwe kwanza. Piga simu kabla ya kuondoka, uhakikishe mashine inafanya kazi na inapokea watoto wachanga. Njiani joto liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na mtoto awe kifuani kwa mama.

Watoto wengi hawahitaji dawa ya usingizi. Mtoto anyonyeshwe nusu saa hadi dakika 45 kabla ya picha, afungwe vizuri kwa kanga mbili, azibwe masikio kwa kuwa mashine ina kelele kubwa, na aachwe alale. Chuma chochote kitolewe mapema, na kwa watoto wetu chuma kina mahali pake: pini iliyobanwa kwenye nguo, bangili, shanga zenye waya, na hirizi yenye kasha la bati. Wanja wa nyusi na paji la uso nao upanguswe, kwani waweza kuwa na chembe za madini zinazoharibu picha na kupasha ngozi joto. Jambo la hirizi limalizwe Tanga, na mwenye kauli ndani ya nyumba:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, mjukuu anakwenda kwenye mashine yenye sumaku kali, inavuta kila chenye bati. Tunakuomba umvue hirizi wewe mwenyewe, umtunzie, umrudishie akitoka."

Bibi akishaelezwa hivyo hukubali, na ni heri avue yeye kuliko ivuliwe kwa haraka mlangoni pa mashine na mtu asiyemjua.

Hatua ya 9: Kuandika ripoti na kuzungumza na wazazi

Ripoti ianze na umri wa mtoto kwa siku, wiki za ujauzito aliozaliwa nao, na siku ya ngapi ya ugonjwa, kwa sababu bila namba hizo tatu picha haisomeki. Kisha yafuate maelezo ya kilichoonekana, na mwisho maoni yanayosema "inalingana na" badala ya "ni". Kwa wazazi, usitabiri maisha yote ya mtoto kutokana na picha moja. Inatosha kusema kilichoumia, kitakachopimwa, na tarehe ya kurudi. Mama akiuliza kama ni kosa lake, ajibiwe wazi kwamba virusi hivi hupatikana katika maisha ya kila siku na hakuna alichokosea.

Hatua ya 10: Kurudia

Ultrasaundi irudiwe baada ya wiki moja, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 6, kwa kuwa mada nyeupe iliyoumia hutoboka na kuwa vifuko kati ya wiki ya 2 na ya 4, na damu iliyodhaniwa kuwa kalsiamu hubadilika ndani ya siku hizo. Mtoto wa CMV mwenye dalili anaweza kuanzishiwa valgansiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hicho, ndani ya mwezi wa kwanza, kwa miezi 6, chembe nyeupe za damu zikipimwa mara kwa mara. Uamuzi huo ufanywe na daktari bingwa wa watoto. Usikivu unaweza kupungua baadaye hata kwa mtoto ambaye picha yake ilikuwa safi, hivyo masikio yapimwe tena na tena hadi anapokaribia kuanza shule. Tarehe za vipimo hivyo, pamoja na mzingo wa kichwa wa kila mwezi, ziandikwe kwenye kadi ya kliniki yenyewe, kwa sababu faili hubaki hospitalini lakini kadi ndiyo itakayofika mikononi mwa nesi wa zahanati ya mtaani siku ya chanjo.